Gambuti za Kijani Mtoni Yordani

Sikujiunga na klabu ya video chuoni kwa sababu ya kupenda video. Nilijiunga kwa sababu chumba chao kilikuwa na soketi sita zinazofanya kazi. Chumba chetu cha hosteli kilikuwa na moja, nayo ilikuwa nyuma ya kitanda cha msichana asiyependa kuamshwa. Nilikuwa mwaka wa pili, nikisomea udongo. Watu wakiniuliza nasomea nini, nikiwajibu udongo, huuliza kama chakula cha chuo ni kizuri.

Jumatano moja alasiri niliingia na chaja yangu, nikakaa karibu na ukuta, nikajifanya nasikiliza. Mwenyekiti wa klabu, kijana mrefu aliyevaa kofia hata akiwa ndani ya nyumba, alikuwa anaeleza jinsi ya kushika simu bila kutetemeka. Ubane viwiko mbavuni, uvute pumzi, uitoe nusu, ndipo ubonyeze. Nikajaribu tu kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Nilirekodi ndoo ya takataka kwa dakika mbili. Nilipoitazama tena, ile ndoo haikutikisika hata kidogo, na nikaona fahari ambayo udongo haukuwahi kunipa.

Basi nikaendelea kwenda, hata siku ambazo simu ilikuwa na chaji.

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya msichana niliyeishi naye chumba kimoja, akipika chapati. Kidole changu kilikuwa juu ya maikrofoni muda wote, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu anayetafuna karatasi ya nailoni. Ya pili ilikuwa ya mechi ya mpira. Siku hiyo nilichanganya kitufe: kila nilipodhani narekodi nilikuwa nimezima, na kila nilipodhani nimezima nilikuwa narekodi. Nikarudi na dakika ishirini za ndani ya mfuko wangu na viatu vyangu vikitembea kwenye nyasi. Mwenyekiti alivitazama vile viatu kwa makini mpaka mwisho, akasema mwanga ni mzuri.

Kilichonishika kabisa ni kukata. Alitufundisha kwamba ukimwonyesha mtu anafungua mlango wa hosteli, ukakata hapo, kisha ukaunga mtu huyo huyo anaingia maktaba, mtazamaji hatauliza kitu. Ataamini ni mlango mmoja. Nilihisi kama nimeambiwa siri ya serikali.

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga chuo akaleta kitambaa cha kijani. Kilikuwa shuka lake la kitandani, lakini hatukusema. Akalitundika ukutani, akamsimamisha mwenzetu mmoja mbele yake, akamrekodi, kisha kwenye kompyuta akaiamuru programu ianze kula kila kitu cha kijani. Shuka likatoweka. Mahali pake akaweka picha ya mwezi, na yule mwenzetu akawa amesimama mwezini na sandali za kuogea. Nilimwomba mwenyekiti aniazime lile shuka likizo. Akasema haiwezekani, na sote tulielewa ni kwa nini.

Nyumbani kwetu ni Kimulot, upande ule ambako msitu wa Mau unaanzia. Asubuhi ya pili baada ya kufika nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni napiga mswaki. Nikatazama shamba la chai la Mama, na nyuma yake la jirani, na nyuma ya jirani kilima kizima, yote kijani, chai imepunguzwa sawasawa kama imepigwa pasi. Nikasahau kutema. Mwenyekiti wa klabu alikuwa na shuka moja. Mimi nilikuwa na kaunti nzima.

Nilihitaji mtu wa kumsimamisha mbele yake, na mtu huyo alikuwa Kogo.

Kogo ni mama yake baba, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Anaishi nyumba ya chini yetu, lakini kwa kula na kuota moto anaishi jikoni kwa Mama. Baba yangu ni Mkipsigis na mama yangu ni Mkisii, kwa hivyo nyumbani lugha ya katikati ikawa Kiswahili. Kogo anakizungumza kwa njia yake: picha ni bicha, na vitu vyote vya dunia hii viko katika ngeli moja. Tangu abatizwe ameimba nyimbo za Mto Yordani kila Jumapili, na alikuwa ameniuliza zaidi ya mara moja kama maji ya huko ni baridi kuliko ya kwetu. Nilipomwambia naweza kumpeleka Yordani bila kutoka shambani, hakushangaa. Aliuliza tu kama tutarudi kabla ya kukama ng'ombe.

Alikuja na gauni jeupe la Jumapili, kitambaa cha rangi ya damu ya mzee kichwani, mkoba mweusi mkononi, na gambuti za kijani miguuni, maana usiku ule mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope. Niliziona zile gambuti. Nilizitazama kabisa, na hakuna wazo lolote lililonijia kichwani.

Nikafunga simu kwenye kigingi cha ua kwa mpira wa kufungia nywele. Nikamwambia Kogo atembee polepole kwenye njia, chai ikiwa nyuma yake, kisha ageuke ayatazame maji kwa mshangao.

"Maji iko wapi?" akauliza.

"Ni hapo kwa chai, Kogo."

Akageuka akatazama, na alichokiona ni magugu. Akainama akang'oa moja. Akasonga mbele, lakini mkono wa Kogo hauwezi kupita karibu na chai bila kuchuma, kwa hivyo kila hatua mbili tatu ulitoka wenyewe, ukachukua majani mawili na chipukizi, ukayatia mkobani. Nikasema tutarudia. Tulirudia mara saba. Mkoba ulikuwa umejaa nusu.

Kuhariri kulinichukua siku tatu, kwa sababu umeme ulikuwa unakuja na kwenda, na kwa sababu chai si kijani kimoja. Mwenyekiti alikuwa na shuka la rangi moja. Mimi nilikuwa na majani machanga ya manjano, makuukuu yaliyokolea, na vijiti vya kahawia chini. Mara ya kwanza programu ilikula majani ikaacha vijiti, Kogo akaonekana amekwama kwenye miiba katikati ya mto. Nikaiongezea programu nguvu ya kula. Vijiti vikapungua. Nikaongeza tena. Laptopu yangu, niliyorithi kwa kaka yangu, ilikuwa inapata moto mpaka meza inanuka. Kogo akaja akaiweka magotini, akafunga shali juu yake, akasema hii kitu inafanya kazi mzuri kuliko jiko.

Siku ya tatu vijiti vyote viliisha. Na gambuti pia.

Kwenye video, Kogo alitokea upande wa kushoto akiwa na gauni jeupe, mkoba mkononi, na chini ya gauni hapakuwa na kitu. Alielea juu ya maji. Alikwenda hivyo taratibu, bila mguu hata mmoja, akainama akang'oa kitu kutoka mtoni, akakitupa, kisha akawa anachuma hewa na kuitia mkobani. Mwishoni akageuka kuangalia kamera na kuniuliza kama imetosha, lakini hapo nilikuwa nimeondoa sauti nikaweka kinanda.

Niliona kasoro ya miguu. Lakini nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilikuwa najivunia maji yalivyong'aa. Nikamtumia Mama peke yake. Mama akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wa kanisa, akaandika "Kogo wetu Yordani" na vile vikatuni vya mikono inayoomba.

Jumamosi Kogo alienda sokoni. Mtu wa kwanza alimuuliza safari ilikuwaje. Kogo akamwambia hajaenda popote. Wa pili akamuuliza amerudi lini, naye akamweleza kwamba ni bicha tu ya mjukuu. Wa tatu alitaka kujua kama amebeba maji kidogo kwenye chupa. Kufikia wa nne Kogo alikuwa amechoka kueleza, akasema amerudi Alhamisi.

Jumatatu mchungaji akaja nyumbani. Mchungaji wetu si mtu wa ukali, ni mtu wa kikohozi: kabla ya kusema jambo zito hukohoa mara mbili. Alikunywa chai, akauliza habari za ng'ombe, akauliza habari za udongo, akakohoa mara mbili, akaomba aione ile video. Nikaifungua. Aliitazama mara nne.

"Miguu ya Kogo imeenda wapi?" akauliza.

"Imeliwa, Mchungaji."

"Imeliwa na nini?"

"Na programu."

Akageuka akaitazama miguu ya Kogo, yote miwili, iliyokuwa imenyooshwa mbele ya jiko, akaonekana kutulia kidogo. Kisha akatueleza shida ilipo. Baadhi ya waumini walikuwa wanauliza maswali. Mmoja wa wazee wa kanisa alikuwa amemkumbusha kwamba hata Petro alipojaribu kutembea juu ya maji alianza kuzama, ilhali Kogo hakuzama hata kidogo, tena alikuwa na mzigo.

Mama akaangalia kando. Nilijua anazuia kicheko, kwa sababu alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi. Kogo aliweka kikombe chini akajitetea kwa utulivu.

"Mimi nilikuwa kwa chai," akasema. "Hii mtoto ndio ilinipeleka."

Tukakubaliana kwamba Jumapili nitasimama mbele ya kanisa na kueleza. Niliandaa maelezo wiki nzima. Nilikuwa na karatasi. Nilipofika mbele na kuona nyuso zote zile, karatasi ikawa ya lugha nisiyoijua, nikasema tu kwamba mashine inatafuta kila kitu cha kijani, inakiondoa, na kuweka mto. Nyuso zilikuwa zimetulia kama ng'ombe wanaotazama gari linapita. Nikajaribu tena na mfano wa mlango wa maktaba, ukawachanganya zaidi. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akainua mkono akauliza, mashine ikishakula chai ya mtu hivyo, je, chai inarudi? Nikamhakikishia kwamba inabaki shambani. Akasema sawa, lakini aliniomba nisielekeze simu upande wa kwake.

Hapo ndipo mwenyekiti wa kina mama aliposimama. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti isiyohitaji spika, na akisimama watu hukaa wima. Alisema amesikia, ameelewa, na anashukuru. Kisha akauliza kama ni hivyo, na kama hakuna haja ya pasipoti, zamu ya wengine ni lini.

Mchungaji alikohoa, lakini mara moja tu. Zamu ikapangwa Alhamisi, siku yao ya mkutano.

Alhamisi hiyo nilisimama kwenye ua nikawasubiri. Walikuja kwa njia ya bondeni, katikati ya chai, wakiimba. Yunifomu yao ni sweta ya kijani, sketi ya kijani, na kitambaa cheupe kichwani. Hata kabla sijawasha simu, kwa macho yangu mwenyewe nilichokiona ni vitambaa kumi vinapanda mlima. Kogo akatoka jikoni akajiunga nao, wakawa kumi na mmoja. Naye alikuwa amevaa yunifomu, na viatu vyeusi vya ngozi. Aliniambia amejifunza.

Nilimwita mwenyekiti wao kando, karibu na tangi la maji, nikamweleza kwa adabu yote niliyonayo kwamba kijani ndicho hasa kinacholiwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Tumevaa hii yunifomu kwa harusi na kwa mazishi," akasema. "Sasa Yordani ndio twende na nguo ya nyumbani?"

Ningeweza kukataa, lakini mimi ni mtoto aliyezaliwa hapo, na nusu ya wale kina mama walinibeba mgongoni. Nikawarekodi. Waliingia kwa mstari kutoka kushoto, miguu na viatu vikiwa vimefichwa na chai, wakaimba beti nne, wakapiga makofi, wakatoka kwa mstari. Wakakaa kwenye nyasi wakanywa chai, wakasema hawaondoki mpaka waone. Nikaingia jikoni na laptopu. Kazi ilikuwa imerahisika, sababu nilikuwa nimeshajua kiasi cha kulisha ile programu. Baada ya saa moja hivi nikatoka nje, nikaiweka juu ya stuli, wakakusanyika.

Mto ulikuwa mzuri. Kutoka kushoto vikaingia vitambaa vyeupe kumi na moja, kimoja nyuma ya kingine, vikielea juu ya maji kama yangeyange wanaorudi kulala. Chini ya kila kitambaa palikuwa na uso. Nyuso zikageuka mbele zikaimba. Halafu, mbali kidogo na nyuso, mikono ishirini na miwili ikatokea hewani ikaanza kupiga makofi.

Ubeti wa pili ukaanza. Mwenyekiti wao akasogea karibu na skrini, akahesabu kwa kidole, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Tuko wote," akasema.

Kisha mama mmoja aliyekuwa nyuma akauliza kwa sauti ya chini, "Hapa tuko hai?"

Mama yangu ndiye aliyeanza. Alikuwa amejizuia tangu siku ya mchungaji, na sasa kicheko kikamtoka chote, akaegemea ukuta. Wengine wakafuata. Mwenyekiti wao alicheka mpaka akavua kitambaa ajifutie macho. Walidai ianze upya, wakatafuta kila mmoja kichwa chake, wakabishana ni mikono ya nani inayopiga makofi nje ya wimbo. Ni Kogo tu ambaye hakucheka. Alisema safari ya kwanza alipoteza miguu, na sasa amepoteza mwili mzima, na akaniuliza ya tatu atabaki na nini.

Nilimtumia mwenyekiti wa klabu kile kipande, nikamwomba ushauri. Alipojibu, aliuliza kwanza kama anaweza kukihifadhi. Halafu akasema rangi si lazima iwe kijani, yaweza kuwa yoyote ambayo watu hawajaivaa, na bluu ni nzuri. Alisema hayo kama jambo la kawaida. Wiki nzima ya masomo ya kitambaa, na hakuwahi kututajia.

Kanisa lilikuwa na turubai la bluu, la kufunika viti wakati wa mikutano ya nje. Mchungaji akaliruhusu. Alhamisi iliyofuata tukalitundika kwenye ukuta wa mabati wa kanisa kwa kamba za ng'ombe, lakini upepo wa kutoka msituni ukawa unaliinua, kwa hivyo ilibidi kina mama wawili wasimame nyuma walishike pembeni, wakibadilishana zamu. Waliimba wimbo ule ule mara tatu, na kila mara waliuimba kwa mwendo wao mpya. Mara ya tatu waliharakisha kwa sababu wingu lilikuwa limefika juu ya kilima, na hapo kwetu mvua ya saa nane haikawii.

Katika kuunga zile mara tatu ndipo nilipojifunza kuhariri kweli. Mdomo ukisema neno moja na sauti ikisema lingine, nilikata nikaonyesha mikono. Mikono nayo ikikosea, nilionyesha mto. Nikitazama leo naona video ile ina mto mwingi sana. Lakini walikuwa na miili, wote, mpaka kwenye viatu. Kilichotoboka ni Biblia ya mama mmoja iliyokuwa na jalada la bluu, ambayo ilikuwa imegeuka dirisha na maji yanapita ndani yake. Nilimwomba msamaha. Akasema hapana, hiyo iache hivyo hivyo, imependeza.

Tuliionyesha Jumapili ya mavuno, kwenye ile televisheni kubwa ya kanisa inayoonyesha maneno ya nyimbo. Ndizi, mahindi na kuku wa sadaka walikuwa wamejaa mbele. Nilikuwa nimeandika kichwa kwa herufi za dhahabu: Kina Mama Mtoni Yordani. Watu walitazama wakiwa wameinua vichwa, na mwenyekiti wa kina mama alipotokea mzima, kutoka kitambaa hadi soli, palipigwa makofi yaliyofunika wimbo. Nilisimama karibu na waya wa umeme nikiulinda kwa mwili wangu. Sijawahi kupata alama yoyote chuoni iliyonifurahisha kama makofi yale.

Mhubiri mgeni siku hiyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kutoka Litein, mzee mpole mwenye miwani, ambaye miaka kadhaa nyuma alikuwa ameenda kuhiji na kundi la waumini. Alipopewa nafasi ya kusalimu, alisifu mavuno, akasifu kuku, akasifu video.

"Ni kazi nzuri sana," akasema. "Lakini huo si Yordani."

Aliendelea kwa upole, kama mwalimu asiyetaka mtoto alie. Alisema amesimama ndani ya Yordani kwa miguu yake. Ni mto mdogo, umejaa matete pembeni, na maji yake ni rangi ya chai ya maziwa. Kisha akaketi.

Vichwa vyote viligeuka kwangu, na vile vitambaa vyeupe kumi na moja viligeuka kwa pamoja. Ikabidi niseme. Nilieleza kwamba nilipotafuta picha za Yordani mtandaoni, nilipata kimto cha kahawia, nikadhani mtandao umekosea. Haikuniingia kwamba mto unaoimbwa hivyo unaweza kuwa mdogo kuliko wetu wa bondeni. Basi nikaandika "mto mzuri wa bluu," nikachukua wa kwanza uliotokea.

"Sasa huu ni wa wapi?" akauliza mwenyekiti wa kina mama.

Nikasema sijui. Na hapo, mbele ya kanisa zima, kwa mara ya kwanza nikaitazama ile picha vizuri. Nyuma ya mto kulikuwa na milima yenye theluji. Ilikuwa hapo tangu siku ya gambuti. Tulikuwa tumeiona wote, mara nyingi, na hakuna aliyeuliza kitu. Mhubiri mgeni alikisia kwamba huenda ni Kanada, au Uswisi. Yule mzee wa benchi la nyuma akasema popote ilipo, kwa miti ile, hapawezi kufaa chai.

Mwenyekiti wa kina mama alifikiri kidogo, na kanisa likamngoja. Akasema video isifutwe, maana wameimba vizuri na wamesimama vizuri. Niondoe neno moja tu. Nikaifungua laptopu hapo hapo mbele ya kuku, nikafuta "Yordani," kikabaki Kina Mama Mtoni, na watu wakapiga makofi kama nimekata utepe wa barabara mpya.

Jioni tulikuwa jikoni, Mama amepakua ugali na mboga, na Kogo hakuwa amesema mengi tangu kanisani. Nilidhani amekasirika. Nikamwambia pole, Kogo, nilikupeleka mahali ambapo si penyewe. Alikuwa anafikiria jambo lingine.

"Hiyo watu ya huko," akasema, "iko na kanisa?"

Nikasema nadhani wako nalo.

"Nimeenda kwao mara tatu," akasema, "na sijasalimia mtu."

Ilikuwa zamu yake ya kuombea chakula. Tukafumba macho. Aliomba kwa Kipsigis, kwa hivyo Mama hakushika yote, lakini mimi nilishika. Alishukuru kwa mavuno na kwa mhubiri. Kisha akawaombea watu wa mto ule ambao hatuujui jina, kwamba baridi ya milima yao isiwaumize, kwamba ng'ombe wao wapate majani, kwamba watoto wao wasomee vitu vinavyoeleweka, na kwamba wasishangae wakisikia watu kutoka Kimulot walipita kwao bila kupiga hodi. Akahamia kwenye mifugo yao mingine, mmoja mmoja, akikisia. Alipofika kwa kondoo nilifungua jicho kidogo. Mama naye alikuwa amefungua lake, anautazama ugali unavyopoa.